Ndugu yako yuko gereza la Kisongo au Karanga: mwongozo kamili wa barua, vitu na fedha

Mwezi wa kwanza watu huwa wengi. Shangazi anakuja na mkungu wa ndizi, jumuiya inakuja kusali, wenzake wa kijiweni wanachanga nauli. Mwezi wa nne mnabaki wawili, wewe na mama, mmekaa nje ya geti na kapu. Mdogo wangu alikaa mahabusu Arusha mwaka mmoja na miezi saba, akahukumiwa, akahamishiwa Moshi, na karibu yote nitakayoandika hapa nimeyajua kwa kukosea. Kubwa niliyojifunza ni kwamba aliye ndani anahitaji kidogo kinachofika kila mwezi kuliko kingi kinachofika mara moja, na kwamba karatasi moja inapita mahali ambapo sufuria ya pilau haipiti.

Jua yuko wapi, na yuko pale kama nani

Usitume kitu kabla hujajibu maswali hayo mawili.

Aliyekamatwa leo yuko kituo cha polisi. Hapo peleka chakula, maji na dawa mapema, maana tumbo lake linategemea sana nyumbani. Sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au mara inapowezekana baada ya hapo. Dhamana ya polisi ni bure, na maneno hayo utayakuta yamebandikwa ukutani kwenye vituo vingi. Yasome kwa sauti kama kuna anayejifanya hayaoni.

Akishasomewa shitaka, kama kosa halina dhamana (mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha) au wadhamini hawajatimia, anapandishwa karandinga kwenda gerezani kama mahabusu. Kwa Arusha ni Gereza Kuu Arusha, ambalo sisi wote tunaliita Kisongo, upande wa uwanja mdogo wa ndege, barabara ya kwenda Dodoma. Kwa Moshi ni Karanga, magharibi ya mji, lile lenye kiwanda cha viatu. Usijipe moyo kwamba ni wiki moja tu. Godbless Lema, wakati huo akiwa mbunge wa Arusha Mjini na mawakili amezungukwa nao, alikaa Kisongo kuanzia Novemba 2016 hadi Machi 2017 suala la dhamana likizunguka mahakamani. Mdogo wangu hakuwa mbunge.

Tofauti ya mahabusu na mfungwa ndiyo inayoamua kapu lako libebe nini. Mahabusu bado hajahukumiwa. Anavaa nguo zake, na kwa kawaida anaweza kupokea chakula na mahitaji kutoka nje, gereza likiruhusu. Mfungwa amehukumiwa: anavaa sare, anakula chakula cha gereza, na vitu anavyoruhusiwa kupokea ni vichache zaidi. Siku hukumu ilipotoka mimi nilikwenda getini na hotpoti ileile niliyozoea kwenda nayo. Askari hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, huyu sasa ni mfungwa." Nikala ule wali mwenyewe chini ya mti, nusu nikampa kijana wa bodaboda.

Halafu kuna kuhamishwa. Mwenye kifungo kirefu anaweza kupelekwa mbali: Maweni Tanga, Isanga Dodoma, Ukonga Dar es Salaam. Kila ukikaa zaidi ya mwezi bila kwenda, thibitisha bado yupo kabla ya kutuma kifurushi.

Kama aliyekamatwa ni mtoto chini ya miaka 18, utaratibu ni mwingine kabisa. Arusha na Moshi zote zina mahabusu ya watoto, na hizo ziko chini ya ustawi wa jamii, siyo Magereza. Ukisikia mtoto amewekwa na watu wazima, mwone afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 iko upande wako.

Fungua daftari

Nunua daftari dogo. Ukurasa wa kwanza andika: jina lake kamili kama lilivyoandikwa mahakamani, namba ya kesi na mwaka, jina la mahakama, tarehe ya kutajwa tena, na namba yake ya mfungwa akishapewa. Watu wa huku kwetu tuna majina mengi. Mdogo wangu ana la ubatizo, ana la ukoo, na ana lile la kijiweni ambalo hata mama hulitumia. Barua yangu ya kwanza niliiandikia jina la kijiweni. Hakuipata, na sina wa kumlaumu. Hakuna mtu wa jina hilo kwenye rejista ya gereza lolote duniani.

Kurasa zinazofuata andika kila ulichopeleka, tarehe, na nani alikipokea. Huandiki kwa kuwashuku watu. Mwezi wa tano utakuwa umesahau kama ulishapeleka sabuni au ulikusudia tu.

Barua

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo msaada watu wanaoudharau.

Kanuni za Mandela, ambazo Umoja wa Mataifa ulizipitisha Desemba 2015, zinasema aliye kizuizini aruhusiwe kuwasiliana na familia yake kwa kuandikiana na kwa kutembelewa. Usiende nazo getini kumsomea askari; zijue tu, ili usijisikie unaomba hisani.

Juu ya bahasha andika hivi:

Jina kamili la mahakamani
Namba ya mfungwa, au namba ya kesi kama ni mahabusu
Kupitia kwa Mkuu wa Gereza
Gereza Kuu Arusha (au Gereza Kuu Karanga)
S.L.P. ya gereza, Arusha (au Moshi)

Namba ya sanduku iulize getini siku ya kwanza uiandike kwenye daftari. Nyuma ya bahasha weka jina lako na anwani yako, vinginevyo hana pa kujibu. Kama huna sanduku la posta, omba la kanisa, msikiti, shule au ofisi ya jirani, lakini mwombe mwenyewe kwanza. Si kila mtu anapenda barua zenye muhuri wa gereza zimkute kazini. Posta kuu ya Arusha iko pale Mnara wa Saa, na ya Moshi nayo iko jirani na mnara wake wa saa. Barua ya kawaida inatosha. EMS, ile huduma ya posta ya haraka, itumie kwa nyaraka, kama nakala ya hukumu, maana inasainiwa.

Barua itafunguliwa na kusomwa na askari kabla ya kumfikia. Ukilikubali hilo, mengine yanafuata yenyewe. Andika Kiswahili, hata kama nyumbani mnaongea Kichaga au Kimaasai, kwa sababu barua ambayo msomaji wa getini haielewi itakaa mezani kwake. Andika kwa mwandiko mkubwa unaosomeka, upande mmoja wa karatasi. Usiandike habari za ushahidi, majina ya mashahidi, wala "yule jamaa tumeshaongea naye." Maneno hayo hata kama hayana ubaya yanaweza kumtia ndugu yako matatani. Ya kesi yapeleke kwa wakili. Usitumie mafumbo pia: sentensi ya kawaida kuhusu "mzigo wa mjomba" inaonekana mbaya sana ikisomwa na mtu asiyemjua mjomba.

Weka tarehe, na uzipe barua zako namba. "Barua ya 7." Akipata ya 7 bila kuona ya 6, anajua kuna iliyopotea wala hafikiri umemsusa. Mwombe naye afanye hivyo.

Sasa uandike nini? Watu wengi hukwama hapa, wakaishia na "sisi wazima, hofu kwako, Mungu atakusaidia," wakafunga bahasha. Mama yangu hajui kuandika, kwa hiyo nilikuwa naandika anavyonitajia. Mwanzoni nilikuwa namkatakata, naona anaongea mambo madogo: ng'ombe mweupe amezaa dume, mvua ya vuli imechelewa, mti wa parachichi wa kwa babu umeangukia choo, kahawa imeiva ila wachumaji wamepanda bei. Nikawa naandika kwa ufupi, kisomi. Siku moja nikachoka nikaandika kila neno kama alivyosema. Jibu lililokuja lilikuwa na kurasa nne. Alitaka kujua choo kimejengwa upya au bado, na nani alipanda kutoa mti. Tangu siku hiyo sikuhariri tena. Mtu aliye ndani anaumia kwa kuondolewa katika maisha ya nyumbani kuliko kwa chakula kibaya. Mpe nyumbani kwa vipande vidogo. Muulize pia ushauri wa kweli: tuuze ndama au tusubiri? Mtu anayeulizwa bado ni mtu wa nyumba ile.

Habari mbaya usizifiche. Msiba ukitokea, usiuandike kwenye barua kama unaweza kwenda. Nenda umwambie uso kwa uso, au mwombe padri, mchungaji au shehe anayeingia gerezani amwambie akiwa naye. Kama huna njia, andika wazi, mapema, kabla hajasikia kwa mahabusu mpya aliyetoka mtaani kwenu.

Picha moja au mbili za familia kwa kawaida hazina shida. Weka na karatasi tupu na bahasha yenye stempu ya kujibia, ukiuliza kwanza kama vinapokelewa. Na kama ndugu yako hajui kusoma, kumbuka mwenzake ndiye atakayemsomea. Ya chumbani yaache chumbani.

Kapu: vitu

Uliza getini orodha ya vinavyoruhusiwa kwa mahabusu na kwa mfungwa, uinakili, na kila baada ya miezi michache uulize tena, kwa sababu inabadilika. Vinavyotumika zaidi: sabuni ya kipande, mswaki na dawa ya meno, mafuta ya kujipaka, kandambili, nguo za ndani, na taulo za kike kwa wanawake. Mama aliyeingia na mtoto mchanga anahitaji vitambaa na nguo za mtoto; hilo watu husahau kabisa, kama vile mtoto naye alihukumiwa.

Hali ya hewa iheshimu. Arusha iko juu, kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake siyo mzaha. Kwa Kisongo blanketi au sweta, likiruhusiwa, lifike kabla ya Mei kuisha. Moshi iko chini zaidi, shida yake ni joto na mbu.

Usipeleke kitu kizuri sana. Viatu vya bei na shati jipya la dukani vinamletea maneno. Vya kawaida, imara, vya rangi tulivu, visivyofanana na sare ya jeshi lolote.

Simu, laini, sigara, pombe, bangi, wembe, dawa zisizo na maelezo: usijaribu, hata kama yeye mwenyewe amekuomba, hata kama rafiki yake amekuambia "peleka tu huu mkate." Usibebe kapu la mtu usilolifungasha wewe. Kuingiza kitu kilichokatazwa gerezani ni kosa la jinai, na nimeona dada mmoja akitoka pale kwa gari la polisi kwa sababu ya mkate wa namna hiyo.

Chakula cha mahabusu

Utaambiwa uonje mbele ya askari. Onja bila kununa.

Chagua chakula kinachopekuliwa kwa urahisi. Mtori ni mtamu, na najua anautamani, lakini ni mzito: askari haoni chini, atakoroga na kijiko, na kwa joto la mchana unachacha upesi. Machalari, zile ndizi za kupikwa na nyama, vilevile. Wali mkavu, ndizi za kuchemsha zilizokatwa, nyama isiyo na mifupa mikubwa, chungwa lililomenywa: vyote vinaonekana kwa jicho moja. Tumia chombo chepesi cha plastiki, kilichoandikwa jina lake, usichojali kukipoteza. Chupa za kioo na visu viache nyumbani. Peleka cha kuliwa siku hiyohiyo, na ongeza kidogo, kwa sababu hatakula peke yake.

Fedha

Usimpe pesa mkononi. Kama anahitaji pesa, uliza utaratibu wa kuikabidhi kwa ofisi ya gereza iandikwe kwa jina lake, na usiondoke bila stakabadhi. Nakili namba ya stakabadhi kwenye lile daftari.

Usitume pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Rudia sentensi hiyo kwa kila mtu wa ukoo, hasa wazee. Mjomba wetu alipigiwa na sauti nzito iliyojiita afande, ikamwambia kijana anaumwa, anatakiwa kupelekwa hospitali, atume laki moja na nusu upesi. Sauti ilijua jina kamili na namba ya kesi. Vyote viwili husomwa kwa sauti mahakamani mbele ya kila aliyekaa benchi. Mjomba akatuma. Kijana alikuwa mzima, anapalilia bustani. Ukipigiwa simu ya namna hiyo, kata, panda gari, nenda getini.

Faini ni jambo jingine. Kama hukumu ilisema "faini au kifungo" na yuko ndani kwa kukosa faini, mnaweza kuilipa hata baada ya kuingia. Nenda kwa karani wa mahakama iliyohukumu, upewe namba ya malipo ya serikali, ulipe benki au kwa simu kupitia namba hiyo, kisha fuatilia hati ya kumtoa ifike gerezani. Muulize karani hesabu ikoje kwa siku alizokwisha kutumikia. Nimewahi kukaa benchi na baba aliyekuwa akitumia nauli na chakula kila wiki kwa miezi mitatu, wakati faini yenyewe ilikuwa ndogo kuliko jumla ya nauli zake. Hakuna aliyemwambia.

Kwa matumizi ya kila mwezi, ukoo uchange kidogo lakini kwa tarehe. Sisi tuliweka shilingi 10,000 kila mmoja, watu sita, tarehe 5, mtunza fedha mmoja, na mtu mmoja tu wa kwenda. Kundi la WhatsApp likiwa na wasemaji ishirini, kapu halifiki.

Siku ya kwenda

Siku na saa za kutembelea ziulize getini. Sikukuu na hali ya usalama huzibadilisha. Machi 2020, wakati wa korona, matembezi yalisimamishwa nchi nzima, na waliokuwa wameshazoea kuandika barua ndio walioendelea kuwasiliana.

Beba kitambulisho cha NIDA au cha mpiga kura. Vaa nguo ya heshima, kitenge au suruali isiyobana. Simu haiingii, kwa hiyo iache kwa mtu unayemwamini. Kwa Arusha panda kifodi cha Kisongo au gari la Monduli. Kwa Moshi magari ya Machame na Bomang'ombe yanapita barabara kuu, ushuke Karanga. Fika mapema, jiandikishe, kaa kwa subira. Salamu ya "shikamoo afande" haikupunguzii kitu.

Mazungumzo ni mafupi na askari yupo. Njoo na mambo matatu umeyaandika kiganjani, la sivyo mtatazamana mpaka muda uishe. Mimi ilinitokea mara mbili.

Kwa mahabusu kuna nafasi nyingine: siku ya kesi. Kesi ambayo upelelezi haujakamilika hutajwa kila baada ya siku 14 hivi, na kwa familia nyingi siku hiyo ndiyo ya kumwona. Mtamwona akishuka kwenye karandinga. Omba ruhusa kwa askari kabla ya kumsogelea na usimkabidhi kitu chochote, hata pipi. Kukaa benchi la mbele ili akigeuka akuone kunatosha.

Wazee wa Kisongo watakusimulia habari za mahabusu waliokuwa na chumba cha mtu mmoja mmoja na kompyuta. Ni kweli, lakini hiyo ilikuwa mahabusu ya Umoja wa Mataifa ya washitakiwa wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokuwa ndani ya eneo la gereza hilohilo. Usimpandishie askari kwa hadithi hiyo.

Dawa

Dawa hazipitii kwenye kapu. Peleka kwa mganga wa gereza, zikiwa kwenye pakiti yake, pamoja na cheti cha daktari. Kama anatumia ARV, peleka kadi yake ya CTC (kliniki anakochukulia dawa hizo) ndani ya siku mbili tatu za kwanza. Siku zilizorukwa zina madhara. Mwenye kisukari, kifafa, pumu au aliyekuwa katikati ya dozi ya kifua kikuu, sema mapema na uandike kwenye barua kwa Mkuu wa Gereza, ubaki na nakala.

Rufaa na kuhesabu miezi

Kutoka mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kwenda Mahakama Kuu, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, bila kuhesabu siku za kusubiri nakala ya hukumu. Mfungwa anaweza kuwasilisha kupitia ofisi ya gereza. Kazi yako ni kufuatilia nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi mahakamani, mara nyingi kwa kwenda na kurudi. Kama hamna wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na baadhi yao huingia magerezani. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii au mahakamani.

Kifungo kinachozidi mwezi mmoja kwa kawaida hupunguzwa theluthi moja kwa mwenye tabia njema. Miaka sita ni minne. Pangeni michango yenu kwa minne, mkijua kosa la nidhamu linaweza kuirudisha ile miwili iliyopunguzwa. Msamaha wa Rais hutangazwa mara nyingi 26 Aprili na 9 Desemba. 9 Desemba 2019 walisamehewa wafungwa 5,533. Masharti huacha nje makosa mengi, kwa hiyo usimwandikie "Desemba utatoka." Mama alimwandikia hivyo mwaka wa kwanza, nami nikaandika kama alivyosema. Barua iliyofuata kutoka kwake ilichelewa miezi miwili.

Wiki ya mwisho

Ulizia tarehe ya kutoka kwa ofisi ya gereza na uiandike kwenye daftari. Peleka nguo za kuvaa, ukipima upya, maana zile za zamani hazitamtosha. Mdogo wangu alitoka suruali imefungwa na kamba. Kubalianeni kwa barua nani atampokea na wapi, asitoke asubuhi akakuta barabara tupu. Na mwambie choo kilishajengwa.